Rais Akiondoka, Watu Watasema Nini?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuona mwalimu mkuu akihamishwa kijijini. Miaka mitano watu wamemnung'unikia: ni mkali mno, shamba la shule halina mazao, watoto wanachelewa kurudi nyumbani. Kisha habari yaja kwamba anakwenda wilaya nyingine. Basi, ghafula maneno yanageuka. Huyu analeta kuku, yule analeta mayai, na mama mmoja aliyekuwa akimsema kila siku kisimani anafuta machozi kwa ncha ya khanga. Ungalimwuliza mama huyo mwezi uliopita kama mwalimu anafanya kazi vizuri, angalisema hapana. Leo ukimwuliza, atasema ndiyo. Na mwalimu ni yule yule.

Huko Marekani wako watu ambao kazi yao ni kuuliza swali kama hilo juu ya rais wa nchi. Wako na wengine wapendao kukisia jibu litakuwaje siku rais atakapofunga mizigo yake na kutoka Ikulu. Wengine hata huwekeana fedha juu ya makisio hayo, jambo ambalo mimi silisifu. Pengine utasema, "Hayo yanatuhusu nini sisi?" Nivumilie kidogo. Mtawala anayejua kwamba atahesabiwa hivyo mbele ya watu wote ana njia mbili: kutenda lipendezalo leo, au kutenda analoona limempasa hata kama watu watamchukia. Kwa Rais Harry Truman jambo hilo lilihusu kama vita ya Korea itabaki Korea, au itaenea mpaka nchi kubwa ya China na labda mbali zaidi.

Lakini kwanza tuone hesabu hiyo hupatikanaje, maana wengi huisikia redioni na kudhani kwamba nchi nzima imepiga kura.

Bwana George Gallup, mzaliwa wa jimbo la Iowa, alianzisha ofisi yake ya kuuliza maoni mwaka 1935. Hakuwauliza watu wote, nani awezaye? Aliwachagua wachache kwa uangalifu, ili wawemo matajiri na maskini, watu wa mjini na wa mashambani, kila kundi kwa kadiri yake. Ni kama mama anayeonja chumvi ya maharage. Hana haja ya kula chungu kizima. Kijiko kimoja chatosha, mradi awe amekoroga vema. Asipokoroga, ataonja maji ya juu na kusema chumvi haitoshi, kumbe imelala chini.

Mwaka 1936 gazeti moja kubwa, Literary Digest, lilisahau kukoroga. Liliwapelekea watu kadiri ya milioni 10 kadi za kujibu, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Bwana Landon atamshinda Rais Roosevelt. Siku ya kura ilipofika, Roosevelt alishinda katika majimbo 46, na majimbo yote yalikuwa 48. Kosa lilikuwa wapi? Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na miaka ile ya dhiki maskini wengi hawakuwamo katika orodha hizo. Tena katika waliopelekewa kadi, waliojibu walikuwa wachache. Gallup, ambaye aliuliza watu wachache mno kuliko hao, alisema Roosevelt atashinda.

Tangu miaka hiyo swali juu ya rais limekuwa karibu lile lile: Je, wakubali jinsi rais anavyofanya kazi yake, ama hukubali? Huulizwa watu kama 1,000 tu, na hesabu yao yaweza kupotoka kwa watu watatu au wanne katika kila 100, juu au chini. Kwa hiyo ukisikia mtu akijisifu kwamba rais wake amepanda toka 43 mpaka 45, usimshangilie upesi. Huenda hakupanda hata kidogo.

Haya, sasa tumtazame Bwana Truman.

Alikuwa mtu wa Missouri, na katika ujana wake alilima shamba la jamaa zake miaka mingi. Tarehe 12 Aprili 1945 Rais Roosevelt alifariki, na Truman, aliyekuwa makamu wake, akashika mahali pake. Mwezi wa Juni mwaka ule, vita ya Ulaya ikiwa imekwisha, watu 87 katika kila 100 walisema wanaikubali kazi yake. Angalikisia nani, siku ile, jinsi atakavyoondoka? Mwaka mmoja tu baadaye nyama ilikuwa adimu madukani, wafanyakazi wakigoma huku na huku, bei zikipanda. Na katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 1946 waliomkubali walikuwa kama 33. Nyama ilimshusha upesi kuliko adui yeyote.

Mwaka 1948 wakubwa wote wa magazeti walisema atashindwa na Bwana Dewey. Gallup naye alisema hivyo, na aliacha kuuliza watu kama wiki mbili kabla ya siku ya kura, kana kwamba hakuna atakayebadili nia. Gazeti moja la Chicago likapiga chapa usiku ule ule, kabla kura hazijahesabiwa zote, kwamba Dewey amemshinda Truman. Truman akashinda. Picha yake akiliinua gazeti lile huku anacheka ingaliko hata leo, na kila mwenye kukisia angefaa kuitundika ukutani kwake.

Kisha ikaja Korea. Vita ilianza Juni 1950, na mwisho wa mwaka ule majeshi ya China yakaingia. Mkuu wa majeshi upande wa Marekani na wenzake alikuwa Jenerali Douglas MacArthur, shujaa mkubwa machoni pa watu. Jenerali alitaka vita ipelekwe mpaka China yenyewe, na hakulisema hilo kwa siri mezani pa rais, bali mbele ya watu. Truman alihofu kwamba kufanya hivyo kutawasha moto wa dunia nzima, miaka mitano tu baada ya ule mwingine kuzimwa. Tena aliona kwamba katika nchi ya wananchi huru, jenerali humtii rais, wala si rais humtii jenerali. Tarehe 11 Aprili 1951 alimfukuza MacArthur kazini.

Ghadhabu iliyotokea ni shida kuieleza. Barua na simu za maandishi zilimiminika Ikulu, nyingi zikimlaumu. Mahali pengine watu walitengeneza sanamu ya Truman wakaichoma moto. Jenerali aliporudi, alipokewa New York na mamilioni ya watu barabarani. Na vita haikwisha upesi; wana wa watu waliendelea kufa katika milima ya Korea, hata ilipofungwa Julai 1953 Wamarekani zaidi ya 33,000 walikuwa wameuawa vitani, pamoja na Wakorea na Wachina wengi mno. Mama aliyepata barua ya serikali kwamba mwanawe hatarudi hakuwa na sababu ya kumsifu Truman, na sisi tusimhukumu mama huyo.

Ili tusimfanye Truman malaika, tuseme pia kwamba si Korea peke yake iliyomwangusha. Katika idara ya kodi kulionekana watu waliokula rushwa, na bei zilikuwa zimepanda tena. Yote yalikusanyika. Mwezi wa Februari 1952 waliomkubali walikuwa 22 katika kila 100. Mwisho wa mwezi wa Machi akatangaza kwamba hatagombea tena. Miaka michache baadaye aliandika akijiuliza Musa angalifika wapi kama kwanza angalikusanya maoni ya watu kule Misri. Hiyo ndiyo lugha ya mtu aliyekwisha kuumizwa na hesabu.

Sasa chukua kalamu, msomaji, ukisie. Rais anasimama katika 22, amebakiza kama mwaka mmoja. Je, atatoka na ngapi? Wengi watasema 22, au chini yake. Truman alitoka na 32.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mwalimu mkuu na kuku zake. Rais anapokuwa anaondoka, watu hulegeza mkono. Wapinzani wake hawana tena haja ya kumwogopa, maana hatasimama dhidi yao. Naye hasimami tena majukwaani kuwatukana. Uchaguzi umekwisha, mrithi amepatikana, na macho ya watu yamehamia kwake. Tazama Rais Lyndon Johnson: Agosti 1968, vita ya Vietnam ikiwatesa wote, alikuwa na 35; Januari 1969 alitoka na 49. Tazama Rais George W. Bush: baada ya mashambulio ya Septemba 2001 alipata 90, hesabu ambayo Gallup hakuwa ameiona kwa rais mwingine, kisha vita ya Iraq na kuanguka kwa mabenki kukamshusha hata 25 mwaka 2008, alitoka Januari 2009 na 34. Barack Obama, ambaye mwaka 2014 alikuwa na arobaini na kitu tu, alitoka Januari 2017 na 59.

Ajabu kubwa zaidi ni ya baba yake Bush yule. Mwaka 1991, vita ya Kuwait ilipokwisha, 89 katika kila 100 walimkubali. Watu walidhani hakuna atakayeweza kumshinda. Baada ya mwaka mmoja na nusu kazi zilikuwa shida, na katika kiangazi cha 1992 alikuwa na 29. Novemba alishindwa na Bill Clinton. Basi ungalitazamia aondoke amejikunja kama mbwa aliyepigwa. Lakini katika wiki zake za mwisho aliwapeleka askari Somalia, jirani zetu hapa, kulinda chakula cha wenye njaa kilichokuwa kikiporwa njiani. Na mwanzo wa Januari 1993 alitia sahihi mapatano na Rais Yeltsin wa Urusi ya kupunguza silaha za nuklia. Aliondoka na 56. Kama kura ingalipigwa Januari badala ya Novemba, sijui.

Lakini zawadi ya kuagana haimfikii kila mmoja kwa wingi, na hapa wakisiaji wengi huchomeka vidole. Tumbo la watu nalo lina kura yake. Jimmy Carter alikuwa mtu mwema, mkulima wa karanga wa jimbo la Georgia, na adui zake wenyewe hawakumwita mwizi. Mwaka 1980 bei za vitu zilipanda zaidi ya 13 kwa mia. Juu ya hayo, tangu Novemba 1979 Wamarekani walikuwa wamefungwa mjini Tehran, naye hakuweza kuwatoa. Mwanzoni watu walikusanyika nyuma yake kama wafanyavyo nyumba inapopata msiba, akapanda mpaka 58. Kisha wakachoka kungoja. Desemba 1980, akiwa amekwisha kushindwa na Ronald Reagan, alikuwa na 34. Wafungwa 52 walifunguliwa tarehe 20 Januari 1981, baada ya siku 444, dakika chache tu baada ya Reagan kula kiapo. Mtu aliyekesha akiwahangaikia hakupewa hata saa moja ya kufurahi nao akiwa rais.

Kisha mpime na Clinton. Huyo aliingia katika aibu na mwanamke kijana aliyefanya kazi Ikulu, akawaambia watu uwongo, na Desemba 1998 Baraza la Wawakilishi likamshtaki rasmi. Wakubwa wengi walikisia kwamba sasa amekwisha. Siku zile zile Gallup alipouliza, 73 walisema wanaikubali kazi yake! Seneti haikumtia hatiani, na Januari 2001 alitoka na 66, akiwapita karibu marais wote tangu hesabu hiyo ianze. Nasi baba na mama wa nyumba twaweza kuuliza: Je, watu hawa hawakuona ubaya? Waliuona. Wengi waliosema wanaikubali kazi yake walisema pia kwamba si mtu mkweli. Ila kazi zilipatikana, bei zilitulia, serikali ilikuwa na akiba, wala hakukuwa na vita kubwa ya kuwachukua wana wao. Waliulizwa juu ya kazi, wakajibu juu ya kazi. Binafsi naona jibu hilo lina akili ndani yake na lina hatari ndani yake, na sijapata kulimaliza moyoni.

Yako pia mambo yanayovunja kanuni yote. Richard Nixon alianza mwaka 1973 akiwa na zaidi ya 60, na Agosti 1974 alijiuzulu akiwa na 24, baada ya kujulikana jinsi watu wake walivyovunja ofisi za wapinzani katika jengo la Watergate, na jinsi yeye alivyoficha. Na Januari 2021 Donald Trump, ambaye kwa kawaida angalipata zawadi ya kuagana kama wenzake, alishuka mpaka 34, chini ya hesabu zake zote za miaka ile minne. Sababu yajulikana: tarehe 6 Januari umati wa wafuasi wake ulilivamia jengo la bunge ili kuzuia matokeo ya kura yasithibitishwe. Mgeni akivunja vyungu siku ya kuondoka, nani atamfungia kuku? Hata hivyo mwaka 2024 wananchi walimchagua tena, akarudi Ikulu Januari 2025. Basi jihadhari kudhani kwamba hesabu ya kuondoka ndiyo mwisho wa mtu.

Ukitaka kukisia kwa rais wa siku hizi, fanya hivi. Shika hesabu yake ya miezi sita au saba kabla ya kutoka. Uliza bei ya mkate na ya petroli. Uliza kama majeneza ya askari yanarudi nyumbani. Kisha ongeza kidogo kwa ajili ya kuagana, lakini kidogo kweli, maana dunia ya Truman si hii. Zamani rais aliweza kupanda hata 87 na kushuka hata 22, kwa kuwa watu wa chama chake walikuwa tayari kumwacha, na wa chama kingine kumsifu. Sasa wa chama chake humkubali hata akikosea, na wa chama kingine hawamkubali hata akitenda mema. Hesabu imefungwa kamba kama mbuzi, yala majani pale pale. Joe Biden alikuwa na 36 Julai 2024, mwezi ule alioacha kugombea. Bei zilikuwa bado zikiwauma watu. Ungaliongeza tatu au nne, ungalisema 39 au 40. Alitoka Januari 2025 na 40.

Umeona kwamba si uchawi. Lakini kukisia huko ni kwa siku ile ya kuondoka tu. Hukumu ya baadaye hakuna awezaye kuikisia kwa kalamu. Gerald Ford, aliyeshika mahali pa Nixon, alianza na 71 Agosti 1974. Tarehe 8 Septemba alimsamehe Nixon asishtakiwe, akisema nchi yapasa kupona, na kabla mwezi haujaisha alikuwa na 50. Mwaka 1976 alishindwa na Carter, na wengi husema msamaha ule ndio uliomwangusha. Mwaka 2001 akapewa nishani ya ujasiri yenye jina la Rais Kennedy, kwa ajili ya tendo lile lile. Carter naye, aliyetoka na 34, alitumia miaka yake iliyobaki kupatanisha wagombanao na kupiga vita magonjwa ya maskini, hata minyoo ya Guinea iliyokuwa ikiwatesa watu wengi wa Afrika. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na Gallup alipouliza mwaka 2023 Wamarekani wanamwonaje walipomkumbuka kama rais, 57 walisema walimkubali. Alifariki Desemba 2024, mwenye miaka 100.

Na Truman je? Wanahistoria wa Marekani walipoulizwa mwaka 2021 kuwapanga marais wote, walimweka wa sita. Wengi wao hutaja yale yale yaliyomwangusha, na kufukuzwa kwa yule jenerali kumo.

Yeye mwenyewe hakuyajua hayo tarehe 20 Januari 1953. Alijua 32 yake, na alijua kwamba anarudi nyumbani Missouri bila pensheni ya urais, maana sheria ya kuwalipa marais waliostaafu haikuwako mpaka mwaka 1958. Baada ya Eisenhower kula kiapo, Truman na mkewe walikwenda kula chakula cha mchana nyumbani kwa rafiki, wakakuta mamia ya watu wamesimama barabarani wakimshangilia. Walipofika stesheni kupanda treni, maelfu walikuwa wakiwangoja. Na kule Independence, mjini kwao, maelfu wengine walikuja kuwapokea usiku, wakati wa baridi kali.

Baadaye mwandishi wa gazeti alimwuliza Bwana Truman jambo gani alilifanya kwanza alipofika nyumbani. Alijibu kwamba aliyapandisha masanduku darini.